Majigambo, chuku, mbwembwe au porojo: neno lipi kwa lugha iliyovimba?

Mtu amesimama mbele ya watu, au ameandika kurasa tatu, na kila sentensi imebeba maneno makubwa kuliko jambo analolisema. Unajua kuna kitu hakiko sawa. Ukitaka kukitaja, ulimi unakuletea maneno kadhaa kwa mpigo: majigambo, chuku, mbwembwe, madoido, porojo. Watu huyatumia kana kwamba ni mapacha. Si mapacha, na kuyachanganya kuna hasara. Ukimwambia mwandishi "umepiga chuku" ilhali kosa lake ni mbwembwe, atakwenda kuzihakiki takwimu zake, atazikuta ni za kweli zote, na atakurudishia andiko lilelile akiamini umemwonea.

Nimehariri maandishi ya watu kwa miaka kadhaa, na swali ninalojiuliza kabla ya kuchagua neno ni moja: hapa kilichovimba ni nini? Amevimba msemaji mwenyewe? Limevimba jambo? Yamevimba maneno? Au ndani hamna kitu kabisa? Kila jibu lina neno lake, na Kiswahili kimetugawia maneno hayo vizuri kuliko tunavyodhani.

Paa moja, sauti nne

Nianze na mfano, kwa sababu fasili peke yake hazitoshi. Chukua habari hii: "Paa la darasa la tatu lilikuwa linavuja. Tumebadilisha mabati sita. Sasa halivuji." Sentensi tatu, zimekwisha. Sasa isikie habari hiyohiyo kwa vinywa vinne.

Wa kwanza anasema: "Mafundi wote walipanda wakashuka wakitikisa vichwa. Nikapanda mimi. Nani mwingine angeweza? Mikono hii haijawahi kushindwa na bati, na wala haitashindwa. Muulizeni yeyote."

Wa pili: "Lile paa lilivuja mpaka watoto wakawa wanavuka kutoka dawati hadi dawati kwa mtumbwi. Mwalimu akiandika ubaoni, samaki wanasoma kabla ya wanafunzi."

Wa tatu: "Katika wasaa huu adhimu, tunayo heshima iliyotukuka kuwajuza kwamba lile suala zima la upenyaji wa maji ya mvua kupitia ezeko la darasa la tatu limepatiwa ufumbuzi wa kudumu, kufuatia kufanikishwa kwa zoezi la ubadilishaji wa mabati yapatayo sita."

Wa nne: "Kuhusu paa, kama mnavyofahamu, paa ni jambo muhimu sana. Bila paa hakuna darasa. Sisi tumekuwa tukilizungumzia, na tutaendelea kulizungumzia, kwa sababu mazungumzo ndiyo mwanzo wa kila kitu, na wadau wote tuko pamoja."

Wa kwanza ni majigambo, wa pili chuku, wa tatu mbwembwe, wa nne porojo. Mtazame huyo wa tatu kwa makini. Hajadanganya. Hajajisifu. Habari yote imo: paa, kuvuja, mabati, sita. Ila imefunikwa nguo nyingi kiasi kwamba msikilizaji lazima aifukunyue. Huyo ndiye anayetafutwa na mtu anayeuliza neno la Kiswahili kwa lugha ya kujikweza iliyojaa maneno mazito kupita haja. Wengine watatu ni jirani zake, na kwa kuwa jirani hufananishwa, inafaa kuwapitia mmoja mmoja.

Majigambo: mshale unaelekea kwa "mimi"

Majigambo yametoka kwenye kujigamba, na ndugu zake wa karibu ni kujitapa, kujinaki, kujisifu na kutamba. Tambo za mabondia kabla ya pambano ni majigambo yaliyochangamka. Dalili yake haimo katika ukubwa wa maneno. "Hakuna kama mimi" ni maneno matatu mepesi ambayo mtoto mdogo anayajua, na bado ni majigambo kamili. Kwa hiyo ukikutana na hotuba yenye misamiati mizito lakini isiyomsifu msemaji, neno hili halifai hata kidogo. Na ukikutana na sentensi nyepesi kabisa inayomrudia msemaji kila mara, hapo ndipo mahali pake.

Kuna tahadhari moja inayowakwaza wanafunzi. Katika fasihi simulizi, majigambo ni utanzu. Kivugo ni jina lake jingine. Mtu husimama akaghani sifa zake na matendo yake, vitani, uwindaji au kazini, na hadhira inamtarajia afanye hivyo. Hapo majigambo si kasoro. Ukiandika katika insha ya fasihi kwamba "mtunzi ametumia majigambo," msomaji anaelewa umetaja aina ya utungo. Ukiandika hayohayo kuhusu barua ya kuomba kazi, umemshutumu mtu. Muktadha ndio unaoamua, kwa hiyo usiuache nje ya sentensi yako.

Chuku: kipimo kimezidishwa

Chuku ina picha nzuri ndani yake. Chuku ni pembe ya kuumikia, ile inayobandikwa mwilini ili kuvuta damu. Inapovuta, ngozi huinuka ikavimba mahali palipokuwa tambarare. Mimi nikisikia "amepiga chuku" naiona ngozi hiyo: nyama ni ileile, mwili ni uleule, ila pameinuliwa pakaonekana kilima. Ndiyo kazi ya chuku katika maneno. Jambo lipo, kipimo ndicho kilichozidi.

Katika darasa la lugha, chuku ni tamathali ya usemi, na vitabu huiita pia mubalagha au udamisi. Mshairi akisema machozi yake yamefurika bonde, hakuna anayekwenda kupima bonde. Msemaji anajua, msikilizaji anajua, na raha ya usemi imo katika kujua huko. Chuku inageuka kosa pale msikilizaji anapodhani anapewa kipimo cha kweli: katika ripoti, katika ushahidi, katika habari za kila siku. Huko mtaani watu hupenda zaidi kusema "anatia chumvi", na ninaona tofauti ndogo kati ya semi hizo mbili. Kutia chumvi humhusu zaidi msimulizi anayekoleza kisa ili kinoge, akaongeza hapa neno na pale tukio. Kupiga chuku ni kukuza kipimo: watu kumi wakawa mia, saa moja ikawa usiku kucha.

Kipimo cha haraka cha kutofautisha chuku na mbwembwe ni hiki. Iandike upya sentensi kwa maneno mepesi. Ikiwa uongo bado umo, ni chuku. "Samaki walisoma ubaoni" ni maneno mepesi tangu mwanzo, na hayawezi kurahisishwa yakawa kweli. Lakini "zoezi la ubadilishaji wa mabati" likirahisishwa linakuwa "tumebadilisha mabati", nalo ni kweli tupu.

Mbwembwe: nguo zimemzidi mvaaji

Hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Kwanza sarufi, maana wengi huikosea. Mbwembwe iko katika ngeli ya I-/ZI- na kwa kawaida huzungumzwa kwa wingi: mbwembwe zake, mbwembwe nyingi, mbwembwe hizi. Mtu hufanya mbwembwe, huingia kwa mbwembwe, huongea kwa mbwembwe. Hapo hapo pana jambo la kuzingatia: neno lenyewe halihusu lugha peke yake. Mchezaji anayeuzungusha mpira pasipo haja anafanya mbwembwe. Maharusi wanaoingia ukumbini kwa miondoko wanaingia kwa mbwembwe, na hapo neno ni la furaha, wala halina lawama. Kwa sababu hiyo, ukitaka kusema hasa juu ya lugha, usiliache neno peke yake. Sema "mbwembwe za maneno" au "lugha ya mbwembwe". Hapo hakuna atakayefikiria mpira.

Je, utazijuaje mbwembwe za maneno ukizikuta? Kiswahili cha leo cha ofisini na majukwaani kina alama zake, nami nimezizoea kama mtu anavyozoea sauti ya mlango wa nyumba yake.

Ya kwanza ni "suala zima la". Suala zima la usafi ni usafi. Suala zima la elimu ni elimu. Neno "zima" halijaongeza kitu, kwa sababu hakuna aliyetaka kuzungumzia nusu ya suala.

Ya pili ni "zoezi la". Zoezi la uchimbaji wa kisima ni kuchimba kisima. Zoezi la uandikishaji ni kuandikisha. Neno zoezi lina kazi yake ya haki, mwanafunzi ana zoezi la hesabu na mwanariadha ana zoezi la asubuhi, lakini limechukuliwa likafanywa kofia ya kuvalisha kila kitenzi. Na hili ndilo dhara kubwa zaidi la mbwembwe za Kiswahili: huua vitenzi. Lugha yetu nguvu zake zimo katika kitenzi. Neno moja kama "tulikibomoa" limebeba nani, lini, nini na tendo lenyewe. Ukiligeuza kuwa "tulifanikisha utekelezaji wa zoezi la ubomoaji wake", umetumia maneno saba kusema kile ambacho silabi sita zilikwisha kukisema, na bado umempoteza mtendaji nusu ya njia.

Ya tatu ni "kuweza" isiyo na kazi. "Tumeweza kufanikiwa kuweza kufika." Mtu amefika. Aseme amefika.

Ya nne ni maneno mawili yenye maana moja yanayotembea yameshikana mikono kila mahali: furaha na bashasha, shukrani na ahsante, mchango na msaada. Wakati mwingine jozi hizi zina mahadhi mazuri na mshairi anazihitaji. Katika taarifa ya mkutano hazina la kufanya.

Ya tano ni "-patao": watu wapatao saba, mabati yapatayo sita. Neno hili ni la kukadiria. Anayejua idadi kamili halihitaji. Akilitumia, amelichukua kwa sauti yake tu, na sauti hiyo imemfanya aseme jambo lisilo sahihi bila kukusudia. Mbwembwe zikizidi huishia kugusa ukweli kwa namna hiyo, polepole, bila mtu kuona.

Nikiwa kidato cha tatu nilichaguliwa kuandika risala ya kusomwa mbele ya mgeni rasmi. Tulikuwa na ombi moja, madawati. Niliandika kurasa mbili na nusu. Nilianza na wasaa adhimu, nikapita kwenye furaha isiyo kifani, nikashukuru kwa taadhima na unyenyekevu, nikaeleza changamoto mbalimbali zinazoikabili sekta nzima ya elimu, na madawati nikayaweka katika sentensi ya mwisho kabisa, baada ya "hivyo basi, kwa kuzingatia hayo yote yaliyotangulia". Watu walipiga makofi. Mgeni akasimama akasifu Kiswahili chetu, akatuhimiza tusome kwa bidii, akaondoka. Neno dawati halikutoka kinywani mwake, na simlaumu, kwa sababu hakulisikia. Tulimaliza mwaka ule tukiwa watatu watatu katika dawati la wawili. Tangu hapo sijawahi kuona mbwembwe za maneno kuwa jambo dogo la mtindo.

Madoido: ndugu mdogo, mpole zaidi

Madoido ni mapambo yanayotiwa juu ya kitu kilichokwisha kukamilika: nakshi za mlango, marembo ya nguo, na kwa maneno, tamathali na misemo iliyoongezwa ili kurembesha. Madoido yanaweza kupendeza. Yanaweza pia kuondolewa na kitu kikabaki kizima. Ndiyo maana wakati wa kuhariri nalipenda neno hili kuliko mbwembwe. "Punguza madoido" huzungumzia andiko. "Acha mbwembwe" humzungumzia mtu. La kwanza linapokelewa, la pili linauma.

Kama unachagua kati ya hayo mawili, uliza kama msemaji amepitiwa na uzuri wa maneno au anataka aonekane. Mwanafunzi aliyejifunza methali tano wiki hii na kuzitia zote katika ukurasa mmoja ametia madoido. Mzungumzaji anayechagua "upenyaji" badala ya "kuvuja" ili watu wajue amesoma amefanya mbwembwe. Mikogo ni neno jingine lililo karibu, lakini hilo ni la mwili na mwenendo zaidi: namna ya kutembea, ya kugeuka, ya kukaa. Ukilitumia kwa lugha, liwe kwa sauti na matamshi. Mtu anayebana pua ili matamshi yake yafanane na ya mgeni anaongea kwa mikogo.

Porojo, kwa kifupi

Porojo ni mazungumzo yasiyo na uzito. Kupiga porojo kibarazani na rafiki ni starehe isiyo na kosa, kama kupiga soga. Kasoro ni pale palipotarajiwa jibu. Porojo haihitaji maneno makubwa na mara nyingi haina hata moja. Usiichanganye pia na longolongo, ambayo ni maneno ya kukuzungusha ili jambo lisifanyike: njoo kesho, faili liko kwa bwana fulani. Mwenye porojo hana la kusema. Mwenye longolongo analo, ila hataki ulipate.

"Maneno makuu" na pamba ya Kiingereza

Watafsiri ndio wanaoumia zaidi na suala hili, hasa wakikutana na neno la Kiingereza bombast. Asili ya neno hilo inasaidia sana kuchagua. Katika karne ya 16 lilikuwa na maana ya pamba au vitambaa vya kujaza ndani ya nguo ili mabega na kifua vionekane vimetuna. Baadaye likahamia kwenye maneno yaliyojazwa hivyohivyo: nje kifua kipana, ndani pamba. Liliingia Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale kutoka bombax ya Kilatini, na wapo wataalamu wanaolihusisha na neno la Kiajemi la pamba. Pamba yetu nayo huelezwa kuwa ilitoka Kiajemi, ikaja na bahari. Ikiwa ndivyo, tuna ukoo na neno hilo kwa njia ya mbali, na kwa bahati njema sauti za pamba ya Kiswahili zinakutana na kitenzi chetu cha kupamba. Anayepamba maneno na anayeyajaza pamba wanakaribiana mno.

Basi mtafsiri achague lipi? Wengine hukimbilia "maneno makuu". Neno hilo lina historia: Biblia ya Kiswahili, katika sura ya 7 ya Danieli, inalitumia kwa kile kinywa cha pembe ndogo, na hapo linabeba kiburi na kujikweza sawasawa. Katika maandishi ya dini au ya kale ningelichukua bila kusita. Katika maandishi ya leo lina hatari moja: msomaji aliyezoea vitabu vya shule atadhani unazungumzia maneno muhimu ya somo. Ukisema "hotuba ilikuwa na maneno makuu", nusu ya wasomaji wako watatafuta orodha.

"Majivuno" nalo hupendekezwa mara nyingi, lakini majivuno ni hali ya moyo. Mtu anaweza kujaa majivuno akakaa kimya siku nzima. Kwa hiyo "maneno ya majivuno" inafaa tu pale kiburi ndicho kinachozungumzwa.

Kwa riwaya, gazeti au mazungumzo ya kawaida, ninachagua "mbwembwe za maneno". Kwa uhakiki, pale unapotaka kuelezea mtindo wa mwandishi bila kumtukana, ninapenda "lugha iliyovimba". Si msamiati wa kamusi, ni maelezo, lakini picha inabaki: kitu kimetuna, na anayekigusa anagundua kwamba hakina nyama. Inanyambulika pia bila shida. Unaweza kusema sura ya pili imevimba kuliko ya kwanza, au kwamba mwandishi alianza kuvimba alipoacha kusimulia na kuanza kuhutubu.

Usimwite mlumbi mwenye mbwembwe

Upande wa pili wa mizani kuna maneno ya sifa, na dhuluma kubwa hutokea hapa. Mtu anayejua lugha vizuri, anayetumia neno ambalo wengine hawajalizoea, huambiwa mara moja kwamba ana mbwembwe. Watoto wengi wamenyamazishwa hivyo. Amesoma neno "machweo", akalitumia, akachekwa, akarudi kwenye "jua likiwa linazama" na hakulithubutu tena. Machweo si mbwembwe. Ni neno moja mahali pa maneno matatu.

Kwa watu wa namna hiyo Kiswahili kina ulumbi na umbuji. Mlumbi ni msemaji hodari, na jamaa wa neno hilo ni malumbano, yale mashindano ya hoja na mashairi ya kujibizana. Umbuji ni ufundi na uzuri wa kusema. Kisha kuna ufasaha, na neno hili lina siri niipendayo. Lilitoka Kiarabu, mzizi mmoja na fasihi. Katika Kiarabu cha kale, mzizi huo ulitumiwa pia kwa maziwa: yakishatulia, povu likaisha na maziwa yenyewe yakaonekana, yameitwa kwa neno hilo. Ufasaha ni maziwa yaliyoondoka povu. Lugha iliyovimba ni povu juu ya kikombe. Unakipeleka mdomoni na hewa ndiyo unayoinywa kwanza.

Balagha nayo ni ya sifa, ingawa inasikika kama shutuma. Mzizi wake una maana ya kufika, uleule uliotupa baleghe, mtoto aliyefikia umri. Balagha ni sanaa ya kufikisha. Madarasani Kenya wanasema "swali la balagha", lile lisilongoja jibu. Iangalie isichanganyike na mubalagha, ambayo tumekwisha kuiona kuwa ni chuku. Mzizi ni mmoja: ya kwanza imefika, ya pili imepitiliza.

Kipimo changu cha kumtenga mlumbi na mwenye mbwembwe ni kuliondoa neno zito na kuweka jepesi. Ikiwa kuna kitu kimepotea, neno zito lilikuwa na haki yake. "Usanisinuru" katika somo la mimea lazima libaki, kwa sababu hakuna neno jepesi linalosema jambo hilo lote. "Mlalamikiwa" mahakamani lazima libaki. "Upenyaji wa maji" ukiuondoa na kuweka "kuvuja", hakuna kilichopotea, na sentensi imepata pumzi.

Na heshima je?

Heshima ina maneno yake marefu, nayo si mbwembwe. "Kwa heshima na taadhima" mwanzoni mwa barua kwa mkubwa, salamu zinazotangulia shida, pole inayosemwa mara mbili kwa mfiwa: hayo yanafanya kazi ambayo maneno mafupi hayawezi. Mfiwa hataki taarifa. Anataka mtu akae naye, na maneno yanayorudiwa ni namna ya kukaa. Nimeona wahariri vijana wakiyafyeka haya kwa jina la ufupi, na barua ikabaki kama amri. Mstari mmoja wa taadhima unatosha na ni wa haki. Aya tatu za taadhima kabla ya ombi ndizo zinazolizika ombi, kama nilivyoyazika madawati.

Kinachobaki ni kumwambia mwenyewe, na hapo uchaguzi wa neno unategemea ni nani. Kwa rafiki wa rika lako, "acha mbwembwe, sema" inatosha. Kwa mwanafunzi, madoido. Kwa mkubwa, hata neno moja kati ya haya yote nisingelitumia.

Mzee mmoja wa ukoo wetu aliniletea hotuba aliyotaka kuisoma kwenye harusi ya mjukuu wake. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa wa wasaa adhimu. Nilimwamkia, akaniketisha karibu, nikaisoma yote mpaka mwisho, ambako alikuwa ameandika mistari minne kuhusu siku binti yule alipozaliwa na mvua iliyokuwa ikinyesha. Nikamwambia: "Babu, hii mistari minne ndiyo yenyewe. Tukiipandisha juu, watu wataisikia wakiwa bado hawajachoka." Akaivuta karatasi, akaitazama kwa muda, kisha akaomba kalamu.